Ua Lisilo na Jani Linalishwa na Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa botania, maofisa misitu kutoka wilaya za Dodoma na Singida, wanafunzi, na wazee wafugaji mliokubali kuacha shughuli zenu ili muwe pamoja nasi hapa Dodoma, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitambua mimea ya porini inayotoa maua bila kuwa na majani, ile yenye mwili mnene, mnyevu, wenye mng'ao wa nta. Ombi hili limekuja kwa wakati wake. Mvua za Novemba na Desemba zinapofungua msimu katika nyanda hizi, picha huanza kusambaa katika simu zetu: kitu kimepasua udongo chini ya mgunga, hakina jani hata moja, rangi yake ni nyeupe, ya waridi au damu ya mzee, na aliyekipiga picha anauliza ni nini. Majibu huja upesi kuliko uchunguzi. Wa kwanza atasema ni uyoga, wa pili atasema ni ua la mzizi wa mti ule ule uliopo juu yake, na wa tatu, ambaye amepekua intaneti, atatoa jina la Kilatini la mmea mweupe wa misitu ya Marekani ambao picha zake ni nyingi na zinavutia. Jibu hilo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa limevaa sura ya elimu, na likishaandikwa katika daftari la kumbukumbu za msitu huwa vigumu kulifuta.

Hoja yangu ya leo ni kwamba mmea usio na majani hatuwezi kuutambua kwa rangi na umbo la nje peke yake, na kwamba swali linalotufikisha kwenye jina sahihi ni hili: unalishwa na nani? Mmea wa kawaida hutengeneza chakula chake mwenyewe kwa usanisinuru, kwa kutumia klorofili iliyo katika majani. Mmea uliopoteza majani na klorofili lazima uwe umepata mlishaji. Ukimjua mlishaji, orodha ya majina yanayowezekana hupungua mara moja kutoka mamia hadi machache, na mara nyingi hubaki moja.

Naanza na huo mmea wa Marekani, kwa sababu tukiufahamu vizuri tutaacha kuuona mahali ambapo haupo. Jina lake ni Monotropa uniflora, alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na uko katika familia ya Ericaceae. Hukua katika misitu yenye kivuli ya Amerika Kaskazini hadi Kolombia, na pia katika Asia ya Mashariki kuanzia Himalaya hadi Japani. Shina lake hufikia sentimita 10 hadi 30, ni jeupe tupu au lina wekundu hafifu, na badala ya majani lina magamba membamba yaliyolilalia. Kila shina hubeba ua moja tu, na ua hilo huinama likitazama chini wakati limechanua. Baada ya uchavushaji, shingo hunyooka, na tunda, ambalo ni kapsuli kavu yenye mbegu ndogo mno mithili ya vumbi, hutazama juu. Ukiuchuma au kuuminya, mmea wote hugeuka mweusi. Sifa hizi tano, yaani weupe, magamba, ua moja lililoinama, tunda lililosimama na kugeuka mweusi, zikikutana pamoja katika mmea mmoja, katika misitu ya mabara niliyoyataja, mtambuzi hana sababu ya kuwa na shaka. Ndugu yake wa karibu, Monotropa hypopitys, hutofautiana kwa kuwa na maua kadhaa katika shina moja na rangi ya manjano au nyekundu.

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walibishana kama mimea hii inanyonya mizizi ya miti moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Franz Kamienski, mtaalamu kutoka Poland, aliichunguza mizizi ya Monotropa na kuona kwamba haijaungana na mzizi wowote wa mti, bali imefunikwa kote na nyuzi za kuvu, akapendekeza kwamba chakula hupitia humo. Uthibitisho mzito ulikuja mwaka 1960, pale Erik Björkman wa Sweden alipodunga sukari yenye kaboni ya mnunurisho katika miti ya misonobari na jamii yake, kisha akaikuta kaboni hiyo hiyo ndani ya Monotropa iliyoota karibu. Mti hutengeneza sukari, huigawia kuvu inayoishi kwenye mizizi yake kwa kubadilishana na maji na madini, na Monotropa huichukua kutoka kwa kuvu bila kurudisha chochote tunachokijua. Ni sawa na mtu anayekula kila siku kwa jirani, ilhali jirani huyo naye unga wake anaupata kwa mwenye duka ambaye hajui kabisa kwamba kuna mlaji wa tatu. Kuvu hizo, kwa upande wa Monotropa uniflora, ni za familia ya Russulaceae, hasa jenasi Russula na Lactarius.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi wa Tanzania ya kati. Mnaotoka Kondoa na wale wanaoifahamu misitu ya miombo ya magharibi mnajua kwamba mvua zikishika vizuri, chini ya mitundu na miyombo huota uyoga wa aina nyingi, na baadhi ya uyoga tunaoula ni wa jenasi hizo hizo, Russula na Lactarius. Miti ya miombo, Brachystegia na Julbernardia, huishi na kuvu za kundi hilo katika mizizi yake. Mlishaji, basi, yupo. Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini Monotropa haipo? Jibu ni kwamba ukoo huo wa mimea uliibuka na kusambaa katika misitu ya kaskazini ya dunia, na hakuna spishi yake yoyote inayoota porini Afrika. Kuwepo kwa chakula hakuleti mlaji ambaye hajawahi kufika.

Katika migunga ya Bahi, Chamwino na Manyoni hali ni tofauti zaidi. Migunga kwa kawaida huungana na kuvu za kundi jingine, zile zinazoingia ndani ya chembehai za mzizi na zisizotoa uyoga juu ya ardhi. Kwa hiyo mtu akikuletea picha iliyopigwa chini ya mgunga na kuiita Monotropa, amekosea mara mbili: bara silo, na mti sio.

Isidhaniwe kwamba nchi yetu haina mimea inayolishwa na kuvu. Tunayo, na baadhi yake ni ya thamani kubwa kwa elimu ya dunia. Katika misitu yenye unyevu ya Udzungwa, karibu na maporomoko ya Kihansi, ndiko ilikopatikana Kihansia lovettii, mmea mdogo usio na majani ambao wataalamu walilazimika kuuundia jenasi mpya. Milima ya Uluguru ina Afrothismia mhoroana, na Usambara imeipa jina lake Gymnosiphon usambaricus. Yote ni midogo mno, ya sentimita chache tu, iliyojificha katika majani yaliyooza, na mtafiti anayepita akiwa amesimama wima hataiona. Lakini yote inahitaji msitu ambao sakafu yake haikauki, na nyanda zetu zinazopata mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, si mahali pake.

Kabla hatujafika kwenye mmea unaotuhusu zaidi, naomba niondoe makundi mawili yanayowapotosha watu kila mwaka. La kwanza ni la mimea ambayo majani yake hayajakosekana, yamechelewa tu. Mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mvua, mimea mingi yenye vitunguu au viazi chini ya ardhi hutanguliza ua. Scadoxus multiflorus hutoa duara kubwa la maua mekundu juu ya shina tupu. Siphonochilus, wa jamii ya tangawizi, huchanua karibu na udongo kabla majani hayajasimama. Amorphophallus abyssinicus hutoa ua la zambarau iliyoiva lenye uvundo wa mzoga, na jani lake moja kubwa lililogawanyika hufuata baadaye, wakati watu wamekwisha kulisahau ua. Dawa ya kosa hili ni kurudi. Weka alama ya jiwe au kijiti, rudi wiki kadhaa baadaye, na kama jani limetoka mahali pale pale, mmea huo unajilisha wenyewe na hauhusiki na mjadala huu.

Kundi la pili ni la mimea yenye shina la kijani, kama mnyaa tunaoutumia kuzungushia maboma. Majani yake ni madogo na hudondoka mapema, lakini shina limejaa klorofili na ndilo linalofanya kazi ya jani. Kwaruza ngozi ya shina kwa ukucha. Ukiona kijani, mlishaji ni mmea wenyewe. Angalieni tu kwamba utomvu wa mnyaa usiguse macho, kwa maana unaunguza vibaya.

Sasa nageukia kile ambacho, katika nyika za migunga, kinapaswa kuwa cha kwanza kufikiriwa. Jenasi yake ni Hydnora, na spishi iliyoenea zaidi katika Afrika, kuanzia Sudan na Ethiopia hadi kusini mwa bara, ni Hydnora abyssinica. Hii haipitii kwa kuvu. Ni kimelea kamili kinachoungana na mzizi wa mgunga moja kwa moja na kunyonya humo maji, madini na sukari. Imevuliwa vitu vingi kuliko karibu mmea mwingine wowote unaotoa maua: haina jani, haina hata magamba yanayoonyesha kwamba jani liliwahi kuwepo, haina shina linalosimama juu ya ardhi. Mwili wake wote ni kamba nene za kahawia zilizojaa vinundu, zinazotambaa chini ya udongo zikitafuta mizizi. Mtu anaweza kuchunga mbuzi juu ya mmea huo miaka mingi asijue kwamba upo, mpaka mvua inyeshe na ua lipasue ardhi.

Ua lenyewe ni mrija mnene wenye nyama ngumu, nje wa kahawia na wenye nyufa, umejaa mchanga ulioshikamana nao wakati wa kuchomoza. Sehemu ya juu hupasuka katika ndimi nene, kwa kawaida nne kwa Hydnora abyssinica, ambazo upande wa ndani zina rangi ya waridi kuelekea nyekundu ya chungwa, na kingo zake zina vinyweleo vigumu. Harufu yake ni ya kitu kilichooza. Harufu hiyo ina kazi: huwaita mbawakawa wanaotafuta mizoga, ambao huingia ndani ya mrija na kukwama humo kwa muda. Kwa spishi ya kusini, Hydnora africana, imeonekana wazi kwamba mbawakawa hushikiliwa katika chumba cha chini hadi stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zitoe chavua, kisha njia hulegea nao hutoka wakiwa wamebeba chavua kwenda ua jingine. Baadaye tunda hukua chini ya ardhi, mviringo, lenye nyama tamu na maelfu ya mbegu ndogo, na huchimbuliwa na nungunungu, nyani na hata binadamu.

Anayelidhania ua hili kuwa uyoga asidharauliwe. Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, alipoieleza Hydnora africana mwaka 1775, aliiandika kuwa ni kuvu. Jambo hilo linatuonyesha jinsi umbo la nje linavyoweza kumpeleka mtu pembeni, hata akiwa amefunzwa vizuri. Leo uchunguzi wa vinasaba umeiweka Hydnora karibu na ukoo wa Aristolochia, mimea itambaayo yenye majani mapana na maua ya mrija, na tangu mwaka 2016 mfumo unaotumiwa na wataalamu wengi umeiingiza katika familia hiyo hiyo ya Aristolochiaceae.

Mti mwenyeji ni ushahidi wenye uzito mkubwa hapa, na ndiyo maana nasisitiza usiache kuuandika. Iwapo ua limeota chini ya mti wa jenasi Commiphora, ule wenye gome linalobambuka vipande vyembamba na utomvu wa kunukia, wala hakuna mgunga karibu, chunguza kingo za ndimi kwa makini. Afrika Mashariki ina spishi nyingine iliyoelezwa mwaka 2002, Hydnora sinandevu, ambayo huishi kwa Commiphora na ambayo ndimi zake hazina vile vinyweleo vigumu. Kwa kuwa migunga na Commiphora huota bega kwa bega katika sehemu nyingi za nyika yetu, mti ulio karibu zaidi na ua si lazima uwe ndio mwenyeji. Mizizi husafiri mbali.

Yupo pia mgeni mwingine wa mizizi ya migunga anayeweza kuchanganywa na Hydnora, nao ni Sarcophyte. Huu hutoa kichaka kifupi, chenye nyama, cha rangi ya damu, chenye matawi yaliyojaa maua madogo yasiyohesabika, na hunuka vibaya. Tofauti ni rahisi ukitazama kwa karibu: Hydnora ina ua moja kubwa linaloweza kujaza kiganja, ilhali Sarcophyte ina maua mengi mno, kila moja dogo sana.

Hili linanileta kwenye zoezi ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye kabla ya kufungua simu. Likate ua moja kwa wembe, kwa urefu wake, uhesabu. Ukikuta petali zilizoachana na stameni zaidi ya sita, uko katika upande wa akina Monotropa, na ikiwa uko Afrika, hesabu tena. Ukikuta mrija wenye midomo miwili na stameni nne, umeingia katika familia ya Orobanchaceae, wanyonyaji wa mizizi, ambayo ndani yake yumo adui wetu kiduha, anayeharibu mtama na uwele katika mashamba ya mkoa huu. Tofauti ni kwamba kiduha ana majani ya kijani na hujitengenezea sehemu ya chakula chake, wakati jamaa zake wa jenasi Orobanche hawana kijani hata kidogo. Ukikuta petali tatu, moja ikiwa na umbo tofauti na nyingine, na sehemu za kiume na za kike zimeungana katika nguzo moja, hiyo ni okidi, na zipo okidi zisizo na majani zinazolishwa na kuvu. Ukikuta ukuta mnene wa nyama na stameni zilizoungana zikiwa pete ndani ya mrija, ni Hydnora. Na usipokuta stameni wala ovari, yaani kifuko cha mbegu, ila vibamba chini ya kofia, basi aliyesema ni uyoga alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuhusu kuchimba, nina maoni makali kidogo, na naomba mnivumilie. Uunganisho wa kimelea na mzizi hauonekani bila kufukua, na mtafiti ana haki ya kuutafuta. Lakini afukue upande mmoja tu, kwa mkono au kijiti na si kwa jembe, apige picha ya mahali ambapo kamba ya mmea inagusana na mzizi, kisha arudishe udongo na kuushindilia. Kung'oa mmea mzima kwa ajili ya picha ni kuua kitu ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka hakionekani na ambacho hatujui kimechukua miaka mingapi kufika hapo. Hydnora huchimbwa pia kwa ajili ya dawa za asili, rangi na kutengenezea ngozi, na sisi tunaojiita wahifadhi tusiwe wachimbaji wa ziada.

Kielelezo kikihitajika, kichukuliwe ua moja, na lisikaushwe kwa kubanwa katika karatasi peke yake. Mimea hii ya nyama huoza au kugeuka nyeusi, na umbo lake hupotea. Kipande kihifadhiwe katika pombe ya asilimia 70 ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, kikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Karatasi hiyo itaje kijiji, tarehe, aina ya udongo, mti mwenyeji au miti yote iliyo ndani ya hatua ishirini, rangi ya ua likiwa bichi, na harufu yake. Rangi na harufu ndivyo vya kwanza kupotea, wala hakuna mtaalamu wa Hebaria ya Taifa, hazina ya vielelezo vya mimea iliyopo Arusha, au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam atakayeweza kuvirudisha kutoka katika chupa. Picha nazo zipigwe kutoka juu na kutoka ubavuni, rula ikiwa kando ya ua, na moja zaidi ya mti mzima pamoja na jani na mwiba wake.

Wazee wetu wafugaji, neno langu la mwisho ni kwenu, na ni ombi. Ninyi mnajua ni chini ya mgunga upi ardhi hupasuka kila mwaka baada ya mvua ya kwanza, na mnajua ni wapi nungunungu huchimba matunda yasiyoonekana juu ya ardhi. Msimu huu wanafunzi hawa watakapofika vijijini kwenu, huko Bahi, Chamwino na Manyoni, tafadhali waonyesheni mahali hapo, na muwaambie jina mnalouita mmea huo kwa Kigogo au kwa lugha yenu nyingine, ili waliandike kwenye karatasi ile ile pamoja na jina la mti. Vielelezo vilivyopo hapa mezani viko tayari kwa zoezi la kukata na kuhesabu, na wembe upo wa kutosha kila kundi.

Asanteni kwa kunisikiliza.